Hotipoti Ilipanda Treni

Goti langu la kushoto bado lina plasta, na mume wangu, Baba Amina, bado anashikilia kwamba alichofanya ndicho ambacho mtu yeyote mwenye akili timamu angefanya. Ijumaa iliyopita asubuhi, kwenye stesheni ya treni ya umeme pale Dar es Salaam, nilinyoosha mkono wa kulia kuelekea mlango wa behewa. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni kama nilivyomwelekeza. Naye akanyoosha wake. Nikauona unakuja, na saa yake, na lile kovu la pasi kwenye kiganja. Nikauona unafika usawa wa vidole vyangu. Nikauona unanipita, kama daladala iliyojaa inavyopita kituo. Ukaenda moja kwa moja kwenye kwapa langu la kushoto, ukachomoa boksi la hotipoti nililokuwa nimelibana, ukaliingiza ndani taratibu, kona kwa kona, lisigonge. Kisha mlango ukajifunga.

Zawadi ya bibi harusi ikaenda Dodoma. Mimi nikabaki Dar es Salaam.

Ningekuwa nimechelewa isingeniuma hivi. Aliyechelewa ana wa kumlaumu: foleni, bodaboda, mtoto aliyeficha kiatu. Mimi nilifika mapema, mzigo ukakaguliwa, nikakaa kwenye kiti, nikainuka na wenzangu, nikaenda jukwaani kwa utaratibu. Nilikuwa na siti yenye namba, tena ya dirishani. Nilibaki nje kwa makusudi, nikisubiri treni ianze kuondoka ndipo niikimbilie.

Ndiyo. Niliikimbilia treni niliyokuwa nimeshaifikia.

Mpango huo niliusuka tangu siku tulipokata tiketi. Nilinunua mtandio wa rangi ya haradali, mwepesi, wa kupepea, nikaujaribu sebuleni mbele ya feni: namba moja, namba mbili, namba tatu. Baba Amina akapita akaniuliza kulikoni. Nikasema joto. Usiku wa kuamkia safari nikamwambia: "Kesho ukishapanda usiende kukaa. Simama hapo hapo mlangoni." Akauliza kuna nini. Nikamwambia asimame tu. Sasa yeye, miaka 15 ya ndoa imemfundisha kwamba mke akisema "simama hapo", kuna mzigo unakuja. Akalala na picha yake kichwani, mimi nikalala na yangu.

Yangu ni ya mwaka 1995. Shah Rukh Khan yuko kwenye mlango wa treni, uso una damu, mkono ameutoa nje. Kajol yuko jukwaani, anakimbia. Filamu ni Dilwale Dulhania Le Jayenge, jina ambalo mtaani kwetu hakuna aliyeweza kulimaliza, tukawa tunaiita "ya Simran". Kwa walioikosa, kama wapo: Raj na Simran ni watoto wa Kihindi wa London, wanakutana kwenye safari ya treni Ulaya, lakini Simran tangu mdogo ameshaahidiwa kwa kijana wa rafiki wa baba yake huko Punjab. Anapelekwa kuolewa. Raj anamfuata, na hapa ndipo filamu ilipowateka hata mama zetu: anakataa kumtorosha. Anataka mzee mwenyewe amkabidhi. Anahamia pale nyumbani, anawasaidia shughuli za harusi ya mchumba wake mwenyewe, anawabeba shangazi mpaka wanamzoea. Mama alisema hajawahi kuona mshenga anayejituma hivyo.

Basi mimi, kule jukwaani, nikarudi nyuma kama hatua 40 nipate nafasi ya kuchanganya. Kijana mmoja wa sare akanifuata. "Mama, panda, tunaondoka." Nikamwambia nakuja. Akanitazama kama mtu aliyefundishwa kuhudumia wateja wa kila aina, ila si huyu. Mara mlango ukaanza kulia, tii, tii, tii, nami nikaondoka. Siwezi kusema nilikimbia. Mwanamke wa miaka 42, mwenye viatu vya sherehe na boksi kwapani, hakimbii. Anayumba kwa haraka. Mtandio haukupepea. Ulinifunga mdomo.

Yaliyofuata nimeshayaeleza. Niongeze tu kwamba nyuma ya kioo midomo ya Baba Amina ilikuwa inacheza. Alikuwa ananiambia kitu. Maneno mawili, na macho ameyatoa, ana wasiwasi wa kweli. Moyo ukanipiga. Mtu huyu, aliyenichumbia kwa kusema "naona mambo yamekaa sawa", leo anatamka kitu mbele ya behewa zima la abiria! Nikaweka mkono kifuani. Nikaitikia kwa kichwa: ndiyo, ndiyo, na mimi pia. Treni ikateleza bila sauti. Mtoto mmoja dirishani akanipungia biskuti. Nikapiga hatua kuifuata, nikaukanyaga mtandio, nikaenda chini kwa goti.

Askari wa kike akanivuta nyuma ya mstari wa njano.

"Mama, treni imeondoka."

"Naiona."

"Kwani wewe si abiria?"

"Ni abiria."

"Tiketi yako iko wapi?"

"Imeondoka."

"Na mzigo?"

"Umeondoka."

Akatafakari, kidole kwenye redio yake ya mkononi. "Sasa mama, hapa ulikuja kufanya nini?"

Simu ya Baba Amina iliingia treni ikiwa imeshaipita Pugu. Hakuanza na pole. "Afadhali gesi umezima," akasema, na kweli nikasikia pumzi ikimshuka. "Maana nilikuuliza, ukaitikia."

Pale kwenye benchi, nikisubiri nguvu za kutoka mbele za watu, nilikuwa na bando la kutosha na nikaamua kujua nilipokosea. Nilikosea kwenye mlango. Mabehewa ya India ya enzi za Raj yalikuwa na milango ya kufungua na kufunga kwa mkono, na watu husafiri wameiacha wazi, wamekaa ngazini wanapigwa upepo, dereva hana hata habari. Mchongoko, kama tunavyoziita hizi zenye pua, ni kiumbe wa ukoo mwingine. Kwenye treni za namna hii kila mlango una swichi inayohisi kwamba umejifunga na kukaza. Swichi zote zimeunganishwa kwenye mzunguko mmoja, kama shanga kwenye uzi. Mlango mmoja ukibaki wazi, uzi umekatika, na hata dereva akikazana vipi mota hazipewi ruhusa ya kuvuta. Kwa hiyo treni haiondoki mlango ukiwa wazi, na ikishaondoka mlango haufunguki. Nililisoma hilo mara mbili. Ile nukta ambayo mapenzi yote ya utoto wangu yamesimama juu yake, treni inatembea na mlango uko wazi, wahandisi wamekaa ofisini wakaifuta. Hawakumwambia mtu.

Halafu kuna namna ya kuondoka. Treni ya Raj ilivutwa na kichwa kimoja kilicho mbele. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma halishiki sana. Ndiyo faida yake, kwa sababu likishachukua mwendo linabingirika bila kula nguvu nyingi, na ndiyo balaa yake wakati wa kuanza. Dereva akiachia nguvu zote kwa pupa, magurudumu yanazunguka pale pale kama gari kwenye tope. Lazima abembeleze. Na katikati ya mabehewa kuna ulegevu kidogo kwenye maunganisho, hivyo kichwa hakivuti treni nzima kwa mara moja. Kinavuta la kwanza, la kwanza linamvuta mwenzake, ka, ka, ka, mpaka mkiani. Ndiyo maana treni ya zamani, nzito, huanza kwa mwendo wa mtu aliyebeba ndoo kichwani. Hiyo nusu dakika ya ndoo ndiyo aliyoitumia Simran kumlilia baba yake. Mchongoko hauna kichwa cha namna hiyo. Mota zimegawanywa chini ya mabehewa, magurudumu mengi yanashika reli kwa pamoja, na unaondoka kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha maharage jikoni. Mbele ya safari unafika kilomita 160 kwa saa. Kwa mwendo huo Simran angepaswa kuwa duma.

(Reli za India zilizo nyingi zina upana wa milimita 1,676, yetu ya Mjerumani milimita 1,000, hii mpya 1,435. Hayana uhusiano na kisa changu. Nilikaa benchi muda mrefu.)

Lakini mlango ni kosa la juzi. Kosa la asili lilikuwa la kaseti.

Filamu ya Simran ina urefu wa dakika 189. Kaseti za video zilizokuwa zimeenea zama zile ziliandikwa ubavuni E-180, na hiyo 180 haikuwa urembo: ndizo dakika za utepe uliomo ndani, ukirekodi kwa mwendo wa kawaida. Kaseti ndogo kwa umbo, lakini utepe wake ukiukunjua unazidi mita 250. Najua kwa sababu mdogo wangu aliwahi kuukunjua. Utepe hauongezeki kwa sababu Wahindi wameongeza wimbo. Viwanda viliachia ziada kidogo mwishoni, dakika chache hivi, na ziada yenyewe kwenye nakala yetu ilikuwa imeliwa mwanzoni na tangazo la aliyerekodi. Toa hapo mwenyewe. Mtu mwadilifu angetumia kaseti mbili. Aliyerekodi nakala iliyofika mtaani kwetu Tabora alitumia moja.

Sasa yafikirie mambo yaliyomo kwenye dakika 9 za mwisho za filamu ya Kihindi. Si majina ya wapiga taa. Raj ameshapigwa, ametapakaa damu, amepanda treni na baba yake. Simran anataka kumfuata. Baba yake, Baldev Singh, amemkamata kifundo cha mkono. Treni inaanza ka, ka, ka. Simran anaomba, analia, anajivuta. Kamera inakwenda kwenye ule mkono wa mzee, na hapo, kwenye ule mkono, utepe ukaisha. Chenga. Shhhhh.

Mwenye kibanda cha video alikuwa na jibu lake. Dar es Salaam walikuwa na Lufufu, ambaye sauti yake ya kutafsiri ilikuwa inakuja imesharekodiwa kwenye mkanda. Sisi tulikuwa na mzee wetu huyo, aliyesimama kando ya deki na kutafsiri papo kwa papo lugha asiyoijua hata salamu. Kwenye tafsiri yake Baldev Singh alidai ng'ombe 30 na baiskeli. Chenga zilipoanza, mzee alizima televisheni akasema: "Basi wakaoana. Haya tokeni, wa saa kumi wanasubiri."

Hatukumwamini. Kwanza ni mtu aliyetuambia London iko karibu na Bombay. Pili, Baldev Singh ni Amrish Puri, na Amrish Puri tulikuwa tunamjua vizuri: ni Mogambo, yule wa Mr. India ya mwaka 1987. Nani amewahi kumwona Mogambo akiachia kitu?

Kwa hiyo filamu ikabaki wazi kama kidonda. Kila msichana wa mtaani alikuwa na mwisho wake. Rafiki yangu mmoja, ambaye siku hizi ni hakimu, alishikilia kwamba mzee hakuachia, treni ikaenda zake, Simran akaolewa na yule kijana wa Punjab, akazaa watoto wanne, na hakuna cha kukata rufaa. Mwingine alisema Raj aliruka akarudi kupigwa tena. Mimi nilimuua mzee kwa presha, palepale jukwaani, nikaona dhambi, nikamfufua. Mwisho wake nikakubali toleo moja: Simran anajikwanyua mwenyewe, anakimbia, ananyoosha mkono. Ila sikuwa nimeuona ule mkono wa pili ukimpokea, na kitu ambacho hujakiona huwezi kukiota vizuri. Kwa miaka kadhaa Simran wangu alikimbia tu. Nilikuwa nalala anakimbia, naamka anakimbia.

Mazoezi tulikuwa na pa kuyafanyia, maana Tabora ni mji wa reli. Tatizo ni kwamba Tabora ni njia panda. Treni iliyotoka Dar es Salaam ilifika pale ikakatwakatwa: mabehewa haya ya Mwanza, haya ya Kigoma, kichwa kinaondoka, kinarudi kinyumenyume, mtu anashuka na bendera, anapanda, wanaunganisha, wanagundua wameunganisha siyo, wanakata. Akina mama wanauza asali kwenye chupa na maembe kwenye beseni. Ile haikuwa treni ya kukimbiliwa. Ungeikimbilia ukaifikia, ukala embe, ukaenda nyumbani kunawa, ukarudi ukaikuta. Niliwahi kumnyooshea mkono kijana mmoja aliyekuwa anasafiri kwenda Kigoma, na tukakaa hivyo mpaka mkono ukafa ganzi. Akaomba radhi akaenda kununua karanga.

Zile dakika 9 nilikuja kulipwa nikiwa chuoni, kwenye bweni, kwa DVD ya kuazima. Mzee aliachia. Mogambo alifungua vidole. Nililia mpaka mwenzangu wa kitanda cha juu akashuka, na sitasema uongo, nusu ya machozi yale ilikuwa hasira, kwa sababu mwenye kibanda alikuwa amesema kweli. Wakaoana. Huko Mumbai kuna jumba la sinema, Maratha Mandir, ambalo limeendelea kuionyesha filamu hiyo kwa miongo tangu ilipotoka mwaka 1995. Wenzetu walikuwa wanalipwa dakika zao kila siku, kwa zamu, na sisi tulikuwa tunapigania chenga.

Mengine yaliyonipata kwa sababu ya Simran yalikuwa madogo. Nilimjaribu mvulana wa kidato cha tatu kwa ile mbinu ya Raj ya kunong'ona "geuka", kwamba akigeuka ananipenda: aligeuka, alikuwa amesahau chenji kwa muuza maandazi. Nilifunga kutwa nzima kwa ajili ya mwingine, kama Simran alivyofunga mpaka mwezi utoke. Kulikuwa na wingu. Nilizimia paredi ili nidakwe, na nilidakwa, na mwalimu wa nidhamu. Na ile sauti nyembamba ya Simran niliyoifanyia mazoezi bafuni mpaka jirani akaja kuuliza nani anaumwa, siyo yake. Kajol alikuwa na miaka 21. Aliyeimba ni Lata Mangeshkar, na filamu ilipotoka alikuwa na 66. Nilikuwa namwiga bibi.

Kuna moja silicheki.

Mkiikumbuka filamu vizuri, nusu ya kwanza ni usumbufu mtupu. Raj anamkera Simran kwenye treni, anamzibia njia, anampungia nguo yake ya ndani mbele ya macho yake. Asubuhi moja anamwamsha na kumfanya aamini kwamba usiku, akiwa amelewa, yametokea yaliyotokea; binti analia, ndipo anamwambia nilikuwa natania. Tulicheka kibanda kizima. Simran anasema hapana, anasema niache, na sisi tunajua, kwa sababu tumeshaona kaseti mara sita, kwamba ile hapana ni mapumziko tu kabla ya sehemu ya pili.

Nilikuwa na miaka 14 kijana mmoja alipoanza kunifuata kutoka geti la shule mpaka karibu na nyumbani. Muhula mzima. Aliniita Simran. Aliniwekea mguu njiani, alinipokonya daftari akalificha ndani ya shati lake, akasema nilichukue mwenyewe. Niliwaambia wenzangu, wakanionea wivu. Nilimwambia mama mdogo, akacheka: "Anakupenda huyo." Na mimi mwenyewe, hilo ndilo gumu kulisema, nilikuwa nikijiuliza usiku mbona moyo hauniendi mbio kama inavyotakiwa, nina kasoro gani.

Nilikuja kulifikiria baadaye sana. Miaka miwili kabla ya Raj, mwaka 1993, huyu huyu Shah Rukh alikuwa kwenye Darr akimfuata Juhi Chawla kila kona, na humo ni mtu wa kutisha. Mwaka huo huo, kwenye Baazigar, alimsukuma Shilpa Shetty kutoka juu ya ghorofa. Sura ni ile ile, macho ni yale yale, nyendo zile zile za kutokea pale ambapo hukumwita. Kilichotuambia kwamba hapa tuogope na hapa tupende ni muziki. Kijana wangu hakuwa na muziki. Sikuwa na namna ya kujua niko kwenye filamu ipi.

Nilichofanya ni kubadili njia. Nilipita ya nyuma, ndefu, kando ya yadi ya reli, mpaka mwaka ukaisha. Hakuna aliyeniuliza kwa nini nachelewa kurudi. Niliambiwa tu nisirudie. Miaka hii ya karibuni nilikutana naye msibani, mtu mzima anayeheshimika, akamshika Baba Amina begani akamwambia mbele ya jamvi zima: "Shemeji, huyu nilimfukuzia sana!" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Kicheko kile bado nakitafuta kilikotoka, nikakinyonge.

Tuendelee na safari.

Aibu ilinizuia kurudi dirishani kukata tiketi nyingine, hasa kwa kuwa yule askari alikuwa ameshawahadithia wenzake na sasa walikuwa wanakuja wawili wawili kunipa pole. Nikaenda Mbezi, nikapanda basi. Goti lilikuwa limevimba. Tulipofika Gairo, ujumbe ukaingia kwenye simu, na picha. Baba Amina alikuwa amenipigia picha boksi la hotipoti, limekaa wima kwenye siti yangu ya dirishani, amelizungushia koti lake lisiteleze. Chini ameandika: "Zimefika salama. Hakuna hata iliyopasuka."

Dodoma niliingia usiku. Mlango wa basi ulipofunguka, mkono ukanyooshwa kutoka chini, wenye nguvu, uliofunguliwa vizuri, na sauti ikasema, "Taratibu mama, angalia ngazi." Nikaushika. Alikuwa konda. Alikuwa ameshawashika wote walionitangulia, pamoja na gunia la vitunguu. Nyuma yake alisimama Baba Amina na plasta aliyonunua dukani. Kitu cha kwanza alichofanya ni kunipokea pochi.

Nyumbani kwa wifi walikuwa wameshalala. Nikakaa naye kitandani, nikamfungulia filamu kwenye simu, nikaisogeza mpaka mwisho. Nikamwambia angalia dakika 9 tu, ukimaliza utanielewa, wala sitakusumbua tena. Akavaa miwani. Akaangalia damu, mzee kashika mkono, treni inaanza, mzee kaachia, Simran anakimbia, mkono, ndani. Mimi nilikuwa nimeshaanza kulia, kama kawaida yangu. Yeye akarudisha nyuma kidogo, akaangalia tena, uso ameukunja kama anakagua risiti ya gereji.

"Huyu binti anahama kabisa?"

"Kabisa. Anaenda kuolewa."

"Wapi huko?"

"London."

"Sasa mbona hana begi?"

Nikamnyang'anya simu. Nikarudisha mpaka pale mzee anapofungua vidole, nikaangalia polepole, picha moja moja, mkono wa kulia, mkono wa kushoto. Hana begi. Hana hata pochi.